Mawe ya Kilio cha Mzee Kambale

Watu wanapenda kusema idara yetu ya ujenzi haifanyi kazi. Wacha waseme. Mimi Mariat, msimamizi wa genge la mitaro na barabara katika manispaa ya Kasese, nimechoka kuwajibu. Mwaka ule ungewakuta wao, wangekuwa wamekimbilia kwa shangazi zao zamani sana.

Ulianza na mto. Nyamwamba ilifurika, ikabeba daraja, ikatuachia mawe makubwa katikati ya barabara, mengine huwezi hata kuyazungushia mikono. Hatujamaliza kulia, greda letu likafa. Sisemi liliharibika, nasema lilikufa. Fundi alifungua injini, akaifunga tena, akanawa mikono na kwenda zake. Mafuta ya lori yakapunguzwa. Injinia mkubwa akahamishwa, tukaachiwa Injinia Fred, kijana mpole, suruali imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe. Nikasema moyoni, haya, sasa tumekwisha.

Hatukukwisha, na lazima niseme haki, ni kwa sababu ya huyo huyo Fred. Alitukusanya uani akasema kama hatuna mashine tuna mikono, na mto umetuletea mawe ya bure. Akatufundisha kufuma vikapu vya waya, vikubwa kama kitanda, kuvijaza mawe na kuvipanga kando ya mto. Siku ya kwanza nilimcheka mbele ya watu. Siku zilizofuata nilikuwa nimeinama na wenzangu, vidole vimechanika kwa waya, nimenyamaza. Ukiniuliza, mwaka ule ndipo nilipomheshimu mtu wa suruali ya pasi.

Genge langu wengi ni wanawake, na wote ni Bakonzo, watu wa milima hii, isipokuwa mimi. Mimi ni Mwislamu, baba yangu aliendesha malori ya Mpondwe mpakani, nimezaliwa na kukulia hapa hapa mjini. Wananiita afande kwa sababu ya huu mdomo wangu. Sikasiriki. Bila mdomo wangu, mitaro ya Kasese ingekuwa bado imejaa chupa na nguo kuukuu.

Kitu kimoja tu kilitushinda: watu. Tuliita wananchi waje kwenye bulungi bwansi, ile kazi ya pamoja ya kusaidia mtaa. Tukapita na kipaza sauti, tukaomba makanisani, tukaomba msikitini. Ebu! Walikuja bibi mmoja na majirani zake, wakafagia kidogo, wakauliza chai iko wapi. Wanaume wote ghafla walikuwa na safari ya Bwera. Nilitukana mpaka sauti ikakauka.

Sasa niwaambie habari ya Ithungu na Mzee Kambale, maana ndiyo iliyonikalisha hapa kusema.

Ithungu ni wa genge langu. Mjane, mfupi, mkali, anabeba jiwe ambalo mwanamume analizunguka. Nyumba yake iko Bulembia, ya kwanza kabisa katika mstari wa nyumba zilizo chini ya kijito kinachoshuka mlimani. Mafuriko yale yalichukua jiko lake na ukuta wa nyuma. Aliujenga tena mwenyewe, tofali kwa tofali, baada ya kazi. Hana nyumba nyingine, hana shamba, kijijini kwao Nyakiyumbu kaka zake wamegawana kila kitu. Kijito kikija tena kwa nguvu ile, Ithungu na watoto wake watalala nje, na nyumba zilizo nyuma yake zitafuata.

Dawa yake ilikuwa mfereji, uchukue maji juu kabla hayajafika kwake na kuyapeleka mtoni. Na njia ya mfereji ilipita kwenye migomba ya Mzee Kambale.

Mzee Kambale aliishi juu kidogo, upande wa pili wa kijito, na mkewe Mama Rusi. Nyumba yake maji hayafiki. Migomba yake ilishuka mpaka bondeni, mirefu, safi, kavu chini hakuna hata jani la kuoza. Mle ndani, karibu na mwisho, palikuwa na nafasi aliyoiacha wazi. Alituonyesha kwa fimbo. "Hapa ndipo mutanilaza. Nimepachagua tangu zamani. Mfereji yenu itapita hapa? Haipiti."

Ithungu akamwambia, "Mzee, mimi nina watoto wazima wanapumua, wewe unalinda pahali pa kufa?"

"Nyumba yako mimi ndiye nilikujengea mbele ya maji?"

Ilikuwa hivyo mwezi baada ya mwezi. Wakigombana asubuhi, wakigombana jioni, mpaka wakaacha hata kusalimiana, na kwa majirani kutosalimiana ni jambo zito. Mama Rusi alikuwa anasimama mlangoni anatikisa kichwa. Mimi nilisema tuchimbe tu, serikali ni serikali. Fred akakataa. Akaenda kwa mzee peke yake, akaketi kwenye kigoda, akala matoke yake, akarudi kesho yake tena. Mwishowe akauchora mfereji upya, uzunguke ile nafasi kwa upinde, usiiguse. Mzee akasema sawa.

Tukachimba kwa majembe na sururu. Tulianzia chini mtoni, tukipanda. Mvua za mwisho wa mwaka zilikuwa zimeanza kule juu mlimani, kijito kilikuwa kinabadilika rangi. Kilibaki kipande kifupi tu cha kuunganisha, kazi ya siku moja. Ithungu alichimba siku hiyo anaimba. Tulipoachana jioni alinishika mkono, akasema, "Afande, kesho nitalala usingizi."

Kesho yake asubuhi tulipofika, tukasikia kilio juu. Mzee Kambale alikuwa amekufa alfajiri, moyo tu, kitandani mwake.

Kwetu Waislamu mtu akifa asubuhi, mchana amezikwa. Kwao wanangoja. Mzee alikuwa na mtoto mmoja wa kiume aliyebaki, Gracien, anauza mbao Beni, ng'ambo ya Congo. Lazima afike, yeye ndiye wa kutupa udongo wa kwanza. Walimpigia simu, akasema anakuja, lakini kule barabara si ya kuahidiana. Na mpaka mzee azikwe, jembe haligusi udongo mtaa mzima, isipokuwa la kaburi. Hulimi, huchimbi, hupandi hata mche wa nyanya. Kutia chuma ardhini wakati jirani amelala ndani ni kumtukana yeye na ukoo wake wote.

Haya nilikuwa nayajua, nimekaa nao maisha yangu yote. Lakini niliangalia juu, na Rwenzori ilikuwa imefunikwa, nyeusi tii, huoni mlima. Nikasema, "Jamani, kipande ni kifupi. Tuchimbe haraka haraka, mzee mwenyewe alikubali."

Edisa wa genge langu, rafiki yangu kabisa, aliangalia pembeni. Nikamgeukia Ithungu, maana nilijua yeye atanisimamia.

Ithungu aliweka jembe lake chini, mpini ukielekea nje, kama wanavyoweka kwao kukiwa na msiba. "Hapana, dada," akasema.

"Ithungu! Ni nyumba yako hii!"

"Najua ni ya nani."

"Huyu mzee mlikuwa hamsalimiani!"

"Kwani ninaacha kwa sababu yake? Ninakaa na watu hapa. Nikichimba leo, mimi nikifa nani atasimama kwenye kilio changu?" Akajifunga kitenge kiunoni, akapanda kwenda kwa Mama Rusi kulia na wengine. Aliniacha nimesimama nimeshika sururu, nimekasirika mpaka machozi yananitoka. Nilikuwa namwonea uchungu, na uchungu wangu siku zote unatokea mdomoni.

Nikawafuata juu. Uani kwa mzee palikuwa pamejaa. Wallahi, sijawahi kuona watu wengi hivyo Bulembia. Wale wanaume wote wa safari za Bwera walikuwepo, wamekaa chini ya turubai, mikono magotini. Kwenye kilio huwezi kukosa, ukikosa unakumbukwa. Nikawaona wote, mmoja mmoja, nikapandwa na wazimu.

"Nyinyi!" nikasema. "Tuliwaita kwa kipaza sauti mpaka betri zikaisha, hamkuja. Leo mmekuja kukaa!"

Mzee Yosamu, mkubwa wa ukoo wa marehemu, akasema bila kupaza sauti, "Mama, hapa kuna maiti."

Niliona haya, nakubali. Lakini haya na hasira zikikaa pamoja mtu anafanya vituko. Nikageuka, nikashuka, nikaokota jiwe kijitoni, jiwe kubwa, nikalikumbatia tumboni, nikalipeleka mpaka mbele ya nyumba ya Ithungu, nikalibwaga. Nikarudi kuchukua lingine. Mwendawazimu mmoja na mlima mzima wa maji. Gauni limelowa, kilemba kimenitoka.

Nilipokuwa na jiwe la tatu au la nne, nikamkuta Mzee Yosamu amesimama njiani. Nikajua sasa nafukuzwa. Akasogea kando nipite.

Nikasimama. "Mzee, hukatazi?"

"Jembe ndiyo tunakataza. Hiyo ni jiwe. Inakaa juu ya udongo."

Nilitazamana na Fred, ambaye alikuwa amekuja kutoa pole na shati lake jeupe. Sote wawili tuliwaza vikapu vya waya. Vilikuwa ofisini, vimefumwa tayari, vimekunjwa. Kikapu hakichimbiwi. Unakitandaza, unakijaza, basi. Nikapiga kofi. "Injinia, tuma lori!"

Fred hakutuma. Alikuwa anaangalia kijito, halafu nyumba ya Ithungu, halafu upande wa pili. "Mariat, ukuta ukisimama hapa, maji yatakwenda wapi?"

Mfereji haujaungana. Ukiziba upande wa Ithungu, maji yana njia moja tu, kupitia migomba ya Mzee Kambale, yote, mpaka ile nafasi yake. Ndiyo maana Fred hakuujenga ukuta tangu mwanzo, alitaka kuwaokoa wote wawili. Na mwenye shamba hayupo tena wa kuombwa, amelala ndani amefunikwa shuka.

"Hapo basi," akasema Mzee Yosamu. "Hiyo si yangu kuamua."

Tukapanda kwa Mama Rusi. Alikuwa amekaa sakafuni kando ya mume wake, miguu amenyoosha, na pembeni yake nani? Ithungu, anamshika bega. Fred alipiga magoti na ile suruali yake. Akaeleza yote kwa upole, hakuficha kitu. Alisema, "Mama, tukijenga, shamba litakwenda. Na pale mzee alipochagua patakwenda. Tusipojenga, ni nyumba ya Ithungu na zile za nyuma. Ukisema hapana, nitainuka na sitarudia kukuuliza."

Ithungu akaruka. "Msimwulize! Mtu amefiwa leo, mnamwuliza mambo ya shamba? Hamna haya? Nyumba ni yangu, nimesema ikae hivyo!"

Nje ngurumo ilipita, mabati yakatetemeka. Mama Rusi alinyoosha mkono, akamtengenezea mume wake shuka begani, kama mtu anayemfunika aliyelala.

"Miaka yote ile migomba nimeipalilia mimi," akasema. "Yeye alikuwa anaonyesha na fimbo." Watu wawili watatu wakacheka, halafu wakaona aibu. Mama Rusi naye alicheka kidogo, machozi yanashuka. "Yeye anaweza kungoja. Watoto wa huyu hawawezi kulala majini. Nendeni mubebe mawe."

Basi nikatoka pale mlangoni nikapaza sauti, na safari hii hakuna aliyenikemea. Wanaume wakainuka chini ya turubai, wote, na koti zao za kilio. Lori likaleta vikapu. Tukapanga mistari kutoka kijitoni, jiwe linapita mkono kwa mkono, wanawake wakiimba zile zile nyimbo za msiba, na mimi nikipita katikati nikiamrisha. "Wewe, kubwa chini! Kubwa chini, dogo juu! Nani amekufundisha kupanga hivyo, mkweo?" Genge langu lilifundisha wengine kufunga waya. Mchungaji alibeba. Kijana wa bodaboda aliyekuwa anapita tu alibeba. Mwaka mzima nililiomba jambo hili, na likaja kwa mlango wa msiba.

Mvua ilitukuta tunafunga kikapu cha mwisho. Maji yalikuja jioni, yakiwa na magogo na mawe yake, yakagonga ukuta wetu. Tulisimama tumeshikana. Ukuta ulitikisika, ukakaa. Maji yakageuka kulia, yakaingia kwenye migomba, na tukasikia migomba ikivunjika, mmoja mmoja, gizani. Ithungu alifunika masikio. Nyumba yake ilikuwa nyuma yake, kavu, na yeye alikuwa analia kuliko Mama Rusi.

Gracien alifika kesho yake mchana, kwa pikipiki kutoka Bwera, matope mpaka nyusi. Mtu mrefu, anafanana na mzee kwa pua. Aliingia akamwona baba yake, akatoka macho mekundu, akauliza walipochimba kaburi. Watu wakaangaliana. Mzee Yosamu akampeleka ukingoni, akamwonyesha. Kule chini palikuwa mawe matupu na maji ya kahawia bado yanapita.

"Na pahali ya papa?" akauliza. Alipoelezwa alipiga kelele. "Mulipeana pahali ya papa yangu sababu ya nyumba ya mutu? Mama, na weye ulikubali? Tutamutia wapi sasa? Mu maji?"

Mama Rusi aliinamisha kichwa. Juu kwenye nyumba ya mzee ni mwamba mtupu, huwezi kuchimba kaburi. Fred aliangalia ule ukuta wetu.

Ithungu akatoka kati ya wanawake. Akamshika Gracien mkono bila kumwomba ruhusa, akamvuta, jitu lile refu linamfuata, wakavuka kijito juu ya mawe, na sisi sote nyuma. Akampeleka kwake, mpaka kando ya nyumba, kati ya ukuta wake mpya na ukuta wetu wa vikapu. Ni kipande kidogo, ndipo anapopanda mboga, hana pengine. Akakanyaga udongo kwa kisigino.

"Hapa ni pakavu," akasema. "Mulete baba yako hapa."

Minong'ono ikaanza. Mzee Yosamu alimwendea karibu. "Mwanangu, unaelewa unachosema? Kiwanja chenye kaburi la ukoo mwingine hukiuzi tena. Watoto wao na wajukuu wao watakuja hapa, na huwezi kuwafukuza. Huyu atakuwa hapa hata wewe ukiondoka."

"Wacha waje. Nani amesema nauza?"

Gracien alikuwa anamkodolea Ithungu macho. "Mama, papa aliniambia mu simu. Weye na yeye mulikuwa munagombana kila siku."

"Sana," Ithungu akasema. "Alikuwa na kichwa kigumu huyo mzee." "Alikuwa na pahali pake, na mimi sikuwa na pahali. Sasa mimi ninapo. Atakaa wapi?"

Gracien akaketi chini pale pale kwenye mboga, mtu mzima yule, akaweka uso magotini, akalia kwa sauti. Mama Rusi akaja akasimama kati yao, mkono mmoja kwenye kichwa cha mwanawe, mwingine ameshikwa na Ithungu. Sikuona vizuri zaidi, macho yangu yalikuwa na kazi yake.

Gracien aliinuka akaomba jembe. Genge langu lote likamnyooshea, kila mtu la kwake. Akapiga pigo la kwanza, tukaingia kumsaidia. Fred alivua shati akachimba, na Ithungu akawa amesimama juu yetu, mikono kiunoni.

"Ongezeni upana," alitwambia. "Mama Rusi naye siku moja atataka kulala hapo."